Jibu: Je, kilicho bora lazima kishindwe na kinachopendwa na wengi?

Mkuu, umeuliza kwa nini bidhaa bora hushindwa sokoni. Mimi kwanza nauliza: bora kwa nani? Sony ilitoa Betamax, mfumo wa kurekodi video kwa kanda, mwaka 1975, na wengi waliisifu picha yake kuliko ya VHS, mfumo shindani uliotolewa na JVC mwaka 1976 na ndio ulioshinda sokoni. Lakini kanda za mwanzo za Betamax zilirekodi saa 1 tu, za VHS saa 2. Kwa mtu anayetaka kurekodi filamu nzima, kanda inayoishia katikati si bora, hata picha ing'ae vipi.

Kinachoniumiza hasa ni tamthilia. The Wire ilidumu kwenye HBO, chaneli ya televisheni ya Marekani, misimu 5, 2002 hadi 2008, ikiwa na watazamaji wachache na bila kushinda hata moja ya Emmy, tuzo za televisheni za Marekani. Ilivumiliwa kwa kuwa HBO ilitegemea ada za wanachama, si matangazo. Tangu 2022 hata Netflix ina kifurushi chenye matangazo, na anayelipia matangazo huhesabu macho. Hadithi inayohitaji misimu miwili ndipo ikolee, nani ataisubiri? Hapo ndipo nakubaliana nawe kabisa kwamba kilicho bora hushindwa.