Sarafu ya Constantine inatoa unga wa kijani, niiloweke kwenye siki?

SWALI: Mtaalamu habari. Niko Leicester, nimeanza kukusanya sarafu za Kirumi, zile ndogo za shaba za kina Constantine. Moja ina askari wawili na bendera za kikosi katikati, sasa imeanza kutoa vidoti vya kijani mpauko, nikisugua vinatoka, wiki haiishi vimerudi. Jamaa kaniambia niiloweke kwenye siki usiku kucha. Niendelee?

JIBU: Siki iache kwenye kachumbari ndugu yangu. Maandishi ya GLORIA EXERCITVS (utukufu wa jeshi) unayoyasoma kwenye hiyo sarafu ya askari wawili mara nyingi yamebaki kwenye lile ganda lililojijenga ardhini miaka 1,600 na ushee, sio kwenye shaba ya chini, kwa hiyo asidi ya siki ikilila ganda asubuhi unakuta kidude cha rangi ya waridi hakina sura wala jina.

Kwanza chukua kijiti cha meno ukwangue taratibu kimoja cha hivyo vidoti. Kijani kizuri ni kigumu, hakitoki. Kama kinatoka unga na chini pana kashimo, hiyo ni kloridi, chumvi iliyoingia toka udongoni ikakaa karibu na shaba, ikipata unyevu na hewa inatengeneza asidi, asidi inakula shaba, inazaa kloridi nyingine, mchezo unaanza upya, ndo maana kusugua peke yake hakusaidii. Ila kama kile kijani kinanata kama jeli basi kosa ni la mfuko wa PVC (aina ya plastiki) ulioiwekea, hapo aseteni, kile kiyeyushi, inatosha.

Tuchukulie ni unga. Utoe wote kwa sindano chini ya lenzi, tena ufike mpaka chini ya shimo, halafu loweka kwenye maji ya disitildi (sio asidi ya betri jamani, kuna watu wanachanganya) ukibadilisha maji mara kwa mara. Kama bado inatoa, tumia sodiamu seskwikabonati, gramu 50 kwa lita moja, nayo inataka wiki au hata miezi, na wakati mwingine inabadili rangi ya ganda, hilo ujue mapema. Kuna watakaokwambia hiyo si ni magadi tu, na kweli magadi ya Ziwa Magadi kwa sehemu kubwa ndo kitu chenyewe, ila ya sokoni ya kulainishia maharage inakuja na chumvi ya kawaida ndani yake, sasa utakuwa unaongeza kloridi ileile unayoifukuza! Nunua ya maabara.

Ukimaliza suuza sana kwa disitildi, ichovye kwenye aseteni dirisha likiwa wazi, acha ikauke kabisa. Benzotriazoli, kemikali ya kuzuia shaba isiliwe, tunatumia kazini lakini ina sumu, mezani kwako siishauri.

Zile sarafu zako nyingine haziambukizwi kama mafua, tatizo ni kwamba zimekaa kwenye unyevu uleule. Weka zote kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na silika jeli (zile punje za kunyonya unyevu) na kale kakipimo ka unyevu, isizidi asilimia 40, silika ikichoka ikaushe kwenye oveni uirudishe. Hiyo mgonjwa ikalie kopo lake peke yake na uichungulie kila wiki, unga ukirudi unaanza tena kwenye sindano.