Kutoka Tabora kwenda Kigoma: mechi na muziki kwa safari moja

Ndugu yangu, umeuliza kama uende kwa basi au treni kuwaona Mashujaa, timu ya soka ya Kigoma, kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha usiku uhudhurie tamasha la muziki hukohuko Kigoma. Mimi ningepanda basi la alfajiri, tena siku moja kabla ya mechi, nikipita Urambo, Kaliua na Daraja la Kikwete katika Mto Malagarasi. Treni ina raha yake, lakini ikichelewa unaweza kujikuta unasikiliza kipindi cha kwanza redioni ukiwa bado Uvinza. Chumba kitafute karibu na ukumbi wa tamasha, kwa sababu usiku wa manane bodaboda hupandisha nauli (na hapo hakuna kupatana). Tiketi ya kurudi ikate kabla hujaingia uwanjani.