Tinti ya taa za nyuma: yaliyonipata Namawojjolo

Premio yangu ni nyeupe, na taa zake nyekundu za nyuma zilikuwa zinanikera. Jirani yangu hapa Busia ana Subaru yenye taa nyeusi kama miwani ya jua, na kila nikiegesha kando yake naona langu ni gari la mwalimu mkuu. Nikaenda kwa fundi mmoja mjini, akapiga msasa, akapuliza sprei nyeusi mikono mitatu, juu akamalizia na vanishi. Usiku ule nilitoka nje mara mbili na tochi kulitazama. Lilipendeza, sitadanganya.

Wiki iliyofuata nilikuwa njiani kwenda Kampala. Nilitoka alfajiri, na kufika Namawojjolo, pale kwenye wauza nyama kando ya barabara ya Jinja–Kampala, jua lilikuwa limeshapanda. Vijana wa kuku wa mishikaki wakanikimbilia, nami nikakanyaga breki. Nyuma yangu tairi zikalia. Taksi (nyinyi wa Mombasa mnaiita matatu) ilisimama nusu mita kutoka kwenye buti langu. Dereva alishuka akanijia dirishani: “Ssebo (bwana), breki unazo, taa huna!”

Nilikuwa nazo, ila hazikuonekana. Ukitoka Busia asubuhi kuelekea Kampala, jua liko mgongoni mwako na linazipiga taa za nyuma moja kwa moja. Balbu ya kawaida ya breki ni wati 21, na ile ya taa ndogo za usiku ni wati 5. Anayekufuata hujua umekanyaga breki kwa kuona tofauti kati ya taa iliyozimwa na iliyowaka. Ukiifunika kwa sprei nzito, mchana wa jua kali tofauti hiyo inapotea. Mimi nilikuwa nimezijaribu usiku tu, tena nikiwa hatua tatu nyuma ya gari!

Jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi ni riflekta, ile sehemu ya taa isiyo na balbu, inayorudisha mwanga wa gari lingine. Gari likikuzimikia usiku ndani ya msitu wa Mabira na betri imekufa, riflekta ndiyo inayomwonyesha dereva wa lori kwamba mbele kuna kitu. Mwanga wa lori hupita kwenye tinti ukiingia, kisha hupita tena ukirudi. Kwa hiyo tinti inayopitisha nusu ya mwanga inamrudishia robo tu. Riflekta usiiguse kabisa, hata kama fundi anakwambia itaharibu mchoro.

Ukishindwa kujizuia, weka ile karatasi ya plastiki yenye gundi, ya rangi hafifu kabisa. Iwekwe kwenye taa iliyosafishwa vizuri, ivutwe kwa joto. Usipoipenda, inapashwa joto tena na kubanduliwa. Ikate izunguke sehemu ya breki, indiketa, taa ya rivasi na riflekta, ibaki kwenye kingo tu. Najua, kinachobaki ni kidogo. Ndivyo kilivyo. Halafu saa sita mchana mwambie mtu akanyage breki, wewe usimame mbali, kama hatua hamsini, utazame. Ukihitaji kukaza macho, bandua.

Kuna wanaosema weka balbu za LED zenye mwanga mkali, tinti ibaki. Nilijaribu jozi moja ya bei rahisi. Taa ilikuwa imetengenezwa kwa balbu ya waya, mwanga ukakusanyika katikati kama sigara, na kando kukabaki giza lilelile.

Sprei yangu ilitoka kwa msasa wa maji, namba 1000, kisha 2000, kisha polishi, Jumamosi nzima. Fundi alitaka kutumia thina nikamzuia, maana thina hupasua plastiki ya taa nyufa ndogondogo ambazo hazitoki tena. Upande wa kushoto tayari alikuwa ameigusisha kidogo. Nimetafuta taa nyingine ya mtumba kule Kisekka, soko la vipuri Kampala, na sasa ya kulia imefifia kuliko ya kushoto. Jirani ananiuliza kama niligongwa.