Mkabaji wa timu bingwa ya kikapu unayeitwa Dar: usisaini bado

Mdogo wangu, usisaini. Hata fomu yao usiijaze.

Umesema timu yenu inafunga kila mtu hapa Tanga, kazi yako ni kumkaba mfungaji wa wapinzani na kuokota ribaundi, yaani mipira iliyokosa goli, mchezo ukiisha una pointi tatu na hakuna anayekutaja. Sasa Dar wanakuita "uwe huru kushuti". Ukauliza uende au ubaki, udai shilingi ngapi, viatu gani vinastahimili uwanja wa saruji, na lile goti linalouma ulifanyeje. Mengine yasubiri, leo nijibu la kuhama tu, maana hapo ndipo nilipochinjwa mimi.

Niliondoka Tanga kwenda Dar kwa mdomo wa jamaa mmoja aliyejiita wakala. Miwani ya jua saa mbili usiku, simu mbili, zote za kupokea tu. Akaniambia mkabaji hana jina, jina liko kwenye pointi. Mtu mwenyewe hajawahi kukaba hata kuku wa jirani! Lakini maneno yalikuwa matamu, na mimi nilikuwa nimechoka kumpigia makofi mwenzangu aliyefunga ishirini.

Kitu ambacho hakunieleza, na sidhani kama alikijua, ni hiki. Huku Chumbageni, hapa Tanga, nilikuwa nambana mtu tangu katikati ya uwanja, kifua kwa kifua, nampokonya mpira, watu wanashangilia. Kumbe ule ujasiri ulikuwa wa kuazima. Nyuma yangu alisimama mrefu wetu. Ukinipita unakutana na kiganja chake na mpira unaokotwa barabarani. Miaka yote nilikuwa nawasukumia watu upande wake bila mwenyewe kujitambua. Dar nikabana vilevile, nyuma yangu hewa tupu. Wa kwanza kunipita alikwenda kufunga taratibu kama yuko mazoezini peke yake. Wa pili hivyohivyo. Nikaanza kuvuta mashati. Robo ya tatu haijaisha nina faulo tano, nimekaa benchi na taulo kichwani. Mchezo uliofuata, hadithi ileile.

Na huo uhuru wa kushuti ndiyo usiseme. Mimi pointi zangu zote zilitoka kwenye mipira niliyookota chini ya goli wakati wakabaji wao wamewakimbilia wafungaji wetu. Kule mfungaji ndiye mimi, kwa hiyo wakabaji wananikimbilia mimi. Ule ubao nimeugonga mpaka nadhani una alama zangu. Hapa Tanga wakaweka kijana mwingine kwenye nafasi yangu, wakabeba ubingwa wa mkoa. Habari niliipata kwenye status ya mama yake.

Usidhani ni mambo ya uswahilini kwetu. Ben Wallace alikuwa mchezaji bora wa ulinzi wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mara nne, zote akiwa Detroit, na mwaka 2004 wakawafunga Lakers wakachukua ubingwa. Mwaka 2006 akahamia Chicago kwa mkataba wa dola milioni 60. Ile tuzo hakuiona tena, na Februari 2008 wakampeleka Cleveland. Yeye angalau ana milioni zake 60. Mimi nilipewa nauli ya kwenda. Ya kurudi nilimwomba shangazi.

Halafu mtazame Dennis Rodman. Naye alihama, kutoka San Antonio kwenda hiyohiyo Chicago, mwaka 1995. Ila pale wafungaji walikuwepo, Jordan na Pippen, na hakuna aliyemwita kwenda kushuti. Aliitwa kufanya kazi yake ileile. Msimu wa 1995-96 alikuwa na wastani wa pointi 5.5 na ribaundi 14.9, timu ikashinda michezo 72 ikapoteza 10. Pointi tano na nusu, mdogo wangu! Wewe na tatu zako hamjaachana sana. Au Bruce Bowen wa San Antonio, mataji matatu, mrefu wao Tim Duncan yuko nyuma yake. Wakishambulia anajisogeza kwenye kona anasubiri shuti lake la pointi tatu. Kama unawashwa kushuti, jifunze hiyo ya kona.

Kwa hiyo mpigie kocha wa huko. Kocha, siyo wakala. Muulize swali moja tu: "Nikija, nitamkaba nani?" Akikutajia mfungaji fulani wa timu pinzani, na akakwambia nani atasimama nyuma yako, hapo endeleeni na mazungumzo. Akianza "kipaji chako kinafichwa huko Tanga", kata simu. Mimi sikuuliza. Hawa wanaokuandikia hapa "nenda katafute maisha", waulize na wao wamewahi kumkaba nani.

Piga leo kabla ya mazoezi. Akikujibu, lete jibu lake hapahapa tulisome.