Barua kwa mwanangu: Anko Phil ni baba mdogo

Mwanangu mpendwa,

Assalam aleikum. Sisi huku hatujambo, mama yako na wadogo zako wanakusalimu sana.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema wewe na wenzako mmemaliza kutazama Bel-Air, ile tamthilia mpya iliyotokana na The Fresh Prince of Bel-Air ya zamani, na umekumbuka likizo ile tulipokuwa tukiitazama pamoja, nikainuka ghafla nikatoka nje. Ukaniuliza: "Baba, kile kipindi cha zamani kilikuwa kizuri kweli, au unapenda tu kukumbuka utoto wako?" Nimelilalia swali hilo siku mbili.

Nililetwa Dar es Salaam mwaka 1993, nina miaka kumi na miwili. Bibi yako alinipandisha basi Lindi, tukalala kivukoni Ndundu kwa sababu Daraja la Mkapa lilikuwa bado kujengwa, nikafika Magomeni kwa mdogo wake nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. ITV ilianza mwaka uliofuata. Tulichokuwa nacho ni deki na kanda. Baba mdogo, yule uliyemwita babu, alikuwa karani bandarini, na rafiki yake baharia ndiye aliyekuwa akimletea kanda kila meli yao ikitia nanga. Jumamosi baada ya isha sebule ilijaa: watoto mkekani, watu wazima kwenye makochi, na majirani wengine wakisimama dirishani.

Hapo ndipo nilipomjua Will wa The Fresh Prince of Bel-Air, kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Marekani. Huko kwao kipindi kilianza Septemba 1990 kikaisha Mei 1996, sehemu 148. Kijana wa Philadelphia anagombana na wahuni kwenye uwanja wa kikapu, mama yake anaingiwa na hofu, anamsafirisha California kwa ndugu yake Vivian, aliyeolewa na wakili tajiri, Anko Phil. Kwa Wamarekani kichekesho kilikuwa kijana wa mtaani kuingia jumba la kifahari. Sisi tulicheka pia, lakini kisa hakikuwa kigeni kwetu hata kidogo. Karibu kila nyumba pale mtaani ilikuwa na mtoto aliyeletwa. Kwa baba mdogo, mtoto huyo nilikuwa mimi.

Kiingereza sikukijua. Baba mdogo alikuwa anaisimamisha kanda, anatueleza, kisha anaendelea. Siku moja nikamuuliza huyo Anko Phil ni nani wake Will. Wengi wangejibu haraka kwamba ni mjomba. Yeye alifikiri kwanza, akasema: "Mkewe na mama yake Will ni tumbo moja. Basi yule ni mama yake, na huyu ni baba yake mdogo. Kama mimi kwako." Akabonyeza deki, kanda ikaendelea.

Mwanangu, sehemu kubwa ya jibu langu imo humo. Katika Full House, kipindi kingine cha vichekesho cha Marekani, Jesse ni ndugu wa marehemu mama wa wale watoto watatu. Huyo ndiye mjomba hasa. Phil si mjomba. Kiingereza kinawaita wote wawili anko, na tofauti hiyo haionekani mpaka mtu akutafsirie. Tangu siku ile sikumwona tena Phil kama tajiri anayemvumilia mpwa wa mkewe. Nilimwona baba.

Ndiyo maana ile sehemu ya Mei 1994 ilinipiga vile. Lou, dereva wa lori, baba mzazi wa Will, anarudi baada ya miaka kumi na minne. Anamwahidi mwanawe watasafiri pamoja kiangazi chote. Will amefunga virago, amemnunulia na zawadi, kisanamu cha baba na mtoto wake. Lou anaondoka bila yeye. Will anaanza kujikaza, anahesabu mambo aliyojifunza peke yake, kuendesha gari, kunyoa ndevu, kupigana, kisha anavunjika na kuuliza kwa nini baba yake hamtaki. Phil hamjibu kitu. Anamvuta kifuani, kofia ya Will inadondoka. Watu wa studio waliokuwa wakicheka tangu mwanzo wananyamaza kabisa. Nasi sebuleni tulinyamaza. Baba mdogo hakuisimamisha kanda kutafsiri.

Nimeitazama tena mwaka huu, si hiyo sehemu tu. Yapo yasiyopendeza. Utani juu ya unene wa Phil unarudiwa mpaka unachosha, na namna Will anavyowafuatafuata wasichana nisingependa mdogo wako aige. Mwaka 1993 Janet Hubert aliyeigiza Vivian, mama wa nyumba ile, aliondoka, akaingia Daphne Maxwell Reid, na simulizi ikaendelea kana kwamba ni mtu yuleyule. Hilo liliniuma utotoni na linaniuma bado. Hubert na Will Smith, aliyeigiza Will, walipatana mbele ya kamera mwaka 2020, na James Avery, Phil wetu, alikuwa ameshafariki tangu Desemba 31, 2013. Kwa hiyo si kweli kwamba naona kila cha zamani ni dhahabu. Lakini ile dakika moja ya kukumbatiana bado imesimama imara, na ingesimama hata kama ningeiona leo kwa mara ya kwanza.

Kuhusu kufufua vipindi, nadhani kampuni zinafanya hivyo kwa sababu jina linalojulikana lina wateja tayari. Fuller House ya 2016, mwendelezo wa Full House, iliturudisha sebule ileile, safari hii binti mkubwa ndiye mjane mwenye wana watatu. Niliitazama sehemu chache nikaiacha. Ilinipa watu niliowapenda wakirudia maneno niliyoyapenda, bila jipya la kunieleza.

Bel-Air si hivyo, na hapa sikukutendea haki. Morgan Cooper alitengeneza filamu fupi mwaka 2019 akaiweka YouTube, akiwaza kisa kile kingekuwaje bila vichekesho. Will Smith akaiona, na Februari 2022 ikaanza kama tamthilia kamili. Mwisho wa msimu wa kwanza Lou anarudi tena. Safari hii Will anagundua kwamba alikuwa gerezani, na kwamba mama yake, Vivian na Phil walijua wakamficha. Hakuna kukumbatiana. Will anaondoka nyumbani. Hapo ndipo nilipoinuka.

Hukujua kwa nini, kwa sababu sijapata kukueleza. Mimi niliambiwa baba yangu yuko Mererani anachimba, na akipata atanifuata. Kila Idi nilisubiri. Nilipokuwa na miaka ishirini na tisa, siku ya arobaini ya baba mdogo, shangazi mmoja akanieleza kwamba baba yangu alikuwa na mke na watoto wengine Arusha tangu kabla sijaletwa Dar, na kwamba Magomeni walijua wote. Aliyenificha ni yule yule aliyeniambia "kama mimi kwako." Kaburi lilikuwa na siku arobaini, ningemuuliza nani?

Kipindi cha zamani kilinipa kifua cha kuegemea, na kifua hicho nilikuwa nacho kweli. Hiki kipya kimegusa hasira ambayo sikuwahi kuitoa, kwa mtu ninayempenda kuliko baba aliyenizaa. Sikutoka kwa sababu ni kibaya.

Ukija Desemba tuanzie pale nilipoachia. Nitakaa mpaka mwisho. Ila usinitangulie kuniambia kama Will alirudi kwa baba yake mdogo.

Baba yako