Sumu ya kunguru ufuoni Malindi: nani aruhusiwe kuitega?

Kaka, umeuliza kwa nini kaunti isituachie sisi wenye vibanda vya samaki tutege sumu wenyewe pale ufuoni. Uchungu wako naujua. Nami naanika ng'onda, na kurabu hawa, yaani kunguru wa ufuoni, hawana adabu hata kidogo. Lakini kwa hilo mimi nasema la, wala si kwa kuwahurumia kunguru.

Nimewahi kuwasaidia watu wenye kibali kutega chambo upande wa Watamu. Dawa yao ilikuwa Starlicide, ambayo huua figo za ndege polepole. Kunguru akila asubuhi haanguki pale pale, huenda kufia mbali, mara nyingi kwenye miti anakolala. Ndiyo faida yake, maana wakimwona mwenzao amekufa kando ya chakula, hapo hawatii mguu tena. Mitego ya vizimba walishaijua zamani. Tena dawa hii huvunjika upesi mwilini, kwa hiyo mwewe akiokota mzoga, hatari kwake ni ndogo.

Watu wakisikia hivyo hudhani kazi ni kumwaga tu. Wapi! Kazi yenyewe iko kabla ya sumu. Tulikuwa tukiweka vipande vya nyama vitupu, mahali pale pale, saa ile ile, halafu tunajitenga kutazama nani anakuja kula. Wakija kuku wa jirani, mahali hapo tunapaacha, kwa sababu kuku hawaistahimili dawa hii. Akija kunguru mwenye kifua cheupe, vilevile tunapaacha. Huyo ni wa kwetu tangu zamani; mharibifu ni yule mwenye shingo ya kijivu aliyetoka India, ambaye Mombasa alionekana mwaka 1947. Siku ya sumu mtu habanduki hapo mpaka mabaki yote yaokotwe.

Sasa niambie, nani kati yetu atakaa hivyo na boti zinaingia?

Bwana mmoja, simtaji, alichanganya dawa ya wadudu ya shambani na vichwa vya samaki akavitupa mchangani. Kunguru walikufa wachache, wengine wakashtuka wakahamia vibanda vya pili. Waliokwisha ni paka. Dawa za namna hiyo hazichagui, na mzoga nao unageuka chambo. Huko bara kabofurani, dawa mojawapo ya wadudu, imeua tai na simba, hadi kampuni ya Marekani iliyoitengeneza ikaanza kuinunua tena kutoka madukani mwaka 2009.

Halafu kuna suala la ardhi. Sehemu ile ambayo maji hujaa na kupwa ni ya umma, Katiba imesema katika kifungu cha 62. Watoto wanacheza pale, punda wanapita, na kibanda chako hakikupi mamlaka juu ya mchanga. Mwaka 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ilipotangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja, dawa ililetwa kwa kibali cha PCPB, bodi ya taifa ya kudhibiti dawa za wadudu. Haikupangwa dukani karibu na sumu ya panya, na mimi naona ibaki hivyo.

Ila wenye vibali nao wabanwe. Tangazo lipite kwa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, na misikitini siku kadhaa mapema, watu wafungie kuku wao. Ajulikane mtu mmoja wa kuulizwa kikiharibika kitu, na mizoga ikusanywe ifukiwe. Nayo kaunti izoe matumbo ya samaki kila jioni, la sivyo tutaua hawa na wengine watafuata harufu.

Kwa sasa, funika uchanja wako kwa wavu mkuukuu wenye macho madogo, uunyanyue kwa vijiti usiguse samaki. Kona zifunge kwa kamba, usibane kwa mawe tu, maana wanayasukuma na kupenya hapo hapo.