Je, tumeiacha dini ya Veda?

Swali: Namaste Panditji. Nimesoma kwamba katika Veda, maandiko ya kale zaidi ya dini yetu ya Kihindu, anayesifiwa zaidi ni mungu Indra, hapakuwa na mahekalu wala murti (sanamu za miungu), na wanyama walitolewa sadaka. Nyumbani kwetu tunamwabudu Krishna mbele ya murti na hatuli nyama. Mjomba wangu, mfuasi wa Arya Samaj, harakati ya kuirekebisha dini ya Kihindu, anasema murti ziliongezwa baadaye. Je, tumeiacha dini yetu?

Jibu: Namaste, mwanangu. Uliyoyasoma ni kweli, wala usiogope kuyataja mbele ya wazee. Rigveda, Veda ya kale zaidi, iliyotungwa takriban kati ya mwaka 1500 na 1000 KK, ina tenzi 1,028, na karibu robo yake zinamsifu Indra. Vishnu, ambaye Krishna ni umbo lake, ana chache tu. Ibada ilikuwa yajna: samli, nafaka, na mara nyingine mnyama, vikitolewa kwenye moto mtakatifu.

Waliokuja kuuliza kama hayo yanatosha walikuwa wetu wenyewe. Katika Brihadaranyaka Upanishad, andiko la kale la falsafa, Artabhaga anamuuliza mwenye hekima Yajnavalkya: mtu akifa na viungo vyake vikatawanyika, yeye mwenyewe huwa wapi? Yajnavalkya anamshika mkono, anampeleka mbali na watu, na huko pembeni wanazungumza juu ya karma, yaani matendo ya mtu na matokeo yake. Mafundisho ambayo leo kila mtoto wetu anayajua, siku hiyo hayakusemwa hadharani! Baadaye Buddha na Mahavira walizikataa waziwazi sadaka za wanyama, na kwa vizazi vingi hoja hiyo ikawaingia Wabrahmani, tabaka la makuhani, pia. Kama asili yenu ni Gujarat, magharibi mwa India, basi ujirani wa Wajaini, wafuasi wa Mahavira, umechangia sana katika kutokula nyama kwenu.

Kuhusu Krishna, soma kisa cha kilima cha Govardhan katika Bhagavata Purana, kitabu cha visa vya Krishna. Krishna anawaambia wachungaji wa Vraj waache sadaka ya Indra na badala yake wakiheshimu kilima kinacholisha ng'ombe wao. Indra anakasirika, anateremsha mvua siku saba, na Krishna anakiinua kilima kuwakinga watu. Maandiko yetu yenyewe yanasimulia jinsi ibada ya zamani ilivyoachia nafasi ibada mpya. Na katika Bhagavad Gita, kitabu cha mafundisho yake, Krishna anapokea jani, ua, tunda au maji kutoka kwa yeyote anayempa kwa upendo. Hapo maskini asiye na samli wala kuhani alifunguliwa mlango. Mahekalu ya mawe yalikuja kuenea enzi za wafalme wa Gupta, karne ya 4 hadi ya 6 BK.

Si kila badiliko lilikuwa jema. Kuwatenga watu kwa kuwaita najisi ni dhambi tuliyoilea wenyewe, na bado haijaisha. Mapokeo yanasema mshairi Narsinh Mehta wa Junagadh, Gujarat, katika karne ya 15, alikwenda kuimba bhajan (nyimbo za ibada) kwa watu hao, na Wabrahmani wenzake wakamtenga. Leo nyimbo zake zinaimbwa katika mahekalu yetu.

Mjomba wako mheshimu. Dayananda Saraswati alianzisha Arya Samaj mjini Bombay mwaka 1875, akitaka turudi kwenye Veda. Lakini usomaji wake, unaokana kwamba Veda ziliamuru kuchinja wanyama, nao ni mpya kuliko murti za mama yako.

Kwa hiyo hapana, hamjaiacha. Endelea na puja, ibada yenu ya nyumbani, na mjomba akikualika kwenye havan, ibada ya moto, nenda. Sala ya Gayatri mtakayoisoma huko imo katika Rigveda.